Panga Lisilohesabiwa

Ukiwauliza watu wa Magamba habari za mashindano ya msituni, yale ya Sabasaba ya mwaka uliofuata Azimio, watakuambia upesi kwamba Mlola walishika nafasi ya kwanza na sisi ya pili, kisha wataanza kubishana kama Mlola hawakupenya njia ya panya. Waache wabishane. Mimi ya zawadi sina haja nayo. Nataka kusema habari za Secilia binti Kristofa na zile wiki za matayarisho, kwa sababu huko ndiko jambo lilikotokea, na walioliona ni wachache.

Secilia alikuwa mfanyakazi wa kitalu cha miche pale kituo cha misitu. Mrefu, mkimya, udongo kwenye kucha tangu Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili yuko kanisani anaimba sauti ya pili. Jina lake la ubatizo ndilo hilo Secilia, lakini bonde zima lilimwita Ukungu. Si jina la sifa. Alipokuwa darasa la pili alitumwa kuni ukingoni mwa msitu, ukungu ukashuka, mtoto akapotea. Watu walisimama kila kilima wakaita, maana kwetu sauti ndiyo hutangulia miguu; mtu akiwa na neno na jirani wa ng'ambo hasumbuki kushuka bonde na kupanda tena, anasimama kwenye ukingo wa shamba anaita. Siku ile waliita mpaka koo zikakauka: "Secilia, kaa hapo hapo, tunakuja." Mtoto aliwasikia. Lakini ukungu hutawanya sauti, na kila alikogeukia aliona kama ndiko mama anakoitia, basi hakukaa. Aliifuata sauti huku, akaifuata kule, akalala msituni. Kesho yake baba yake, mpasua mbao, alimfikia akiwa amejikunyata chini ya mti wa mkulo, na njia nzima aliyopita alikuwa ameitia alama kwa panga kwenye magome ya miti ili wajue pa kurudia.

Baba alikufa miaka mingi baadaye, panga likabaki kwa Secilia. Hakuwahi tena kukanyaga msituni bila panga lile kiunoni, hata akienda kuokota mbegu hatua chache tu kutoka barabarani. Watu walilijua jambo hilo na walikuwa na methali yao ya kumchokoza nayo. Akipita tu, utasikia mtu kwenye kilabu cha boha, pombe yetu ya miwa, anasema, "Kupotea njia ndiko kujua njia," na wenzake wanacheka. Alikuwa anatabasamu, anapita. Lakini kilimuuma, tusidanganyane. Miaka ishirini mtu anaitwa kwa siku moja ya utoto wake, wewe ungependa?

Sasa yakaja hayo mashindano. Wilaya na watu wa misitu walitangaza kwamba kila kijiji kinachopakana na msitu kitoe timu ya watu watatu. Timu inapewa ramani moja na dira moja, inaingia msituni siku tatu kutafuta vibao vyeupe vilivyofichwa, na kila kibao kina muhuri wa kugonga kwenye kadi. Kuuliza njia ni marufuku. Kukata alama kwenye mti ni marufuku zaidi, maana msitu ni mali ya taifa. Bwana Miti wetu wakati huo alikuwa Mathayo, kijana wa kutoka Gare, mpole, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka kwenye mafunzo. Alimchagua Tobia wa kiwanda cha mbao kwa sababu ya nguvu zake, akamchagua Omari, mchuma chai aliyetoka pwani ya kusini kuja kutafuta kazi, kwa sababu ya kupika na kutochoka. Alipouliza nani mwingine, Secilia alisimama kwenye mkutano, mbele ya watu wote, akasema anaomba kushika dira.

"Ukungu ashike dira?" mtu mmoja akasema nyuma. "Makubwa haya."

Bwana Miti hakucheka. Alisema atampa, lakini kutakuwa na majaribio matatu kabla ya mashindano, na akishindwa yote dira itakwenda kwa Tobia, na Secilia atachukua nafasi ya kubeba na kupika. Maneno ya haki hayo, wala hakuna aliyeyalalamikia. Ila Secilia alijua kwamba akivuliwa dira, jina lake hilo litaandikwa hata kwenye msalaba wa kaburi lake.

Mama yake, Jenoveva, aliposikia aliweka mwiko chini. "Nielewe vizuri," alisema. "Watu wazima, wenye akili zao na mashamba yao, wanakwenda kupotea kwa makusudi, halafu anayepotea kidogo anapewa zawadi?"

"Si kupotea, mama. Ni kutafuta."

"Anayetafuta ni aliyepoteza. Wewe umepoteza nini msituni?"

Secilia alimrudishia mwiko. Alijua jibu, lakini si la kumwambia mama aliyeita siku nzima mpaka sauti ikakatika, na ambaye tangu siku hiyo, kila mara binti yake akienda msituni, husimama kwenye shamba lake la njegere na kuita aone kama ataitikiwa.

Matayarisho yakaanza, na hapo ndipo ungewapenda watu hawa watatu. Omari aliomba kule mashambani aproni za turubai zilizochakaa, zile za wachuma chai, akazishona pamoja kuwa hema ya watu watatu, na mishono akaipaka nta ya nyuki ili mvua isipenye. Viberiti alivitia kwenye kopo la kahawa akakiziba kifuniko kwa nta hiyo hiyo. Tobia alipaka viatu mafuta ya kondoo mpaka mbwa wa kiwandani wakawa wanamfuata. Walijaribu mizigo: wakafunga, wakapanda kilima, wakarudi wakapunguza. Sufuria kubwa likatolewa. Shoka likatolewa. Blanketi la tatu likatolewa, maana zamu ya kulinda moto ipo, atakayekuwa zamu hahitaji blanketi. Walibishana juu ya chakula kwa siku nyingi kuliko jambo lolote, Omari akitaka wali, Tobia akimwambia hapa si pwani, mpaka wakakubaliana juu ya unga wa mahindi ya kukaanga, ambao mtu anaweza kuukoroga kwa maji ya mto akala akiendelea na safari, na karanga, na sukari guru kidogo kwa siku ya mwisho wakati miguu inaanza kukataa.

Kitu kimoja hakikujadiliwa hata mara moja, nacho ni panga. Nani ajadili panga? Kwetu mtu akiingia msituni ana panga, kama alivyo na miguu. Halimo kwenye mizigo. Ukimuuliza amebeba nini atakuambia habebi kitu, na panga liko pale pale kiunoni.

Somo la kwanza la dira lilifanyika uani kwa kituo. Bwana Miti aliwafundisha kuishika mbele ya kitovu, kuituliza mkono, kuuacha mshale utulie, kisha kuchagua mti mbele na kuuendea huo mti, si kuangalia miguu. Akawaambia: "Na chuma kikae mbali. Chuma kinauvuta mshale, utakudanganya." Wakamtii. Tobia alitoa misumari mfukoni. Omari alivua mpaka mkanda wa suruali kwa sababu ya bizimu, siku nzima akawa anatembea ameshika suruali. Secilia alitoa pini kwenye kitambaa cha kichwa. Na uani mle Secilia alikuwa hodari. Mara tano Bwana Miti alimpa mwelekeo, mara tano akaenda sawa kama uzi wa fundi mwashi. Mapanga yao yote matatu yalikuwa yameegemezwa nje, kwenye ukuta wa upande wa barabara, kwa adabu tu, kwa sababu mtu mwenye heshima haingii kwenye ua wa mwenzake na panga kiunoni.

Unaona tunakokwenda. Wao hawakuona.

Jaribio la kwanza lilikuwa kutoka kituoni hadi mwamba wa Kwembeho. Njia ya Kwembeho kila mtu anaijua, ile ya kuzunguka ukingo, lakini Bwana Miti aliwataka wapite katikati ya msitu, pasipo njia, kwa ramani na dira tu. Yeye alitangulia kwa kuzunguka, akawasubiri kule mwambani. Secilia alifunga panga la baba kiunoni, akaishika dira mbele ya kitovu kama alivyofundishwa, akaufuata mshale kwa uaminifu wote. Wakatokea kwenye shamba la kabichi la watu, mbali chini, na mwenye shamba akawauliza wanatafuta nini. Jaribio la pili alikuwa mwangalifu mara mbili zaidi. Wakatokea kwenye barabara ya malori ya mbao. Dereva mmoja akasimama, akachungulia, akasema, "Ah, ni Ukungu," akaondoka.

Siku hiyo Tobia, ambaye si mtu mbaya, alisema akiwa anavua mzigo, "Dada Secilia, labda kila mtu na kipaji chake." Afadhali angetukana. Bwana Miti alisema wamebakiza jaribio moja, Jumamosi. Secilia alikwenda nyumbani, akasuka mkeka usiku huo mpaka vidole vikamuuma. Alianza kuamini kwamba labda wale watu wa kilabuni wana haki, kwamba kuna watu wamezaliwa na ukungu kichwani.

Ijumaa alitumwa kwa Bibi Klara kuchukua ule unga wa mahindi ya kukaanga. Bibi Klara alikuwa mkongwe wa kanisa, mkali wa salamu. Ukimsalimia nusu nusu anakugeuzia mgongo. Secilia alifungua panga, akaliegemeza kwenye masale ya uzio, akaingia, akapiga goti. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo? Miche haijambo? Na hiyo saa yako isiyo na saa, waliyokupa, haijambo? Lete niione."

Secilia alitoa dira akampa. Bibi aliiweka kwenye kiganja akafurahi nayo sana, akaigeuza huku na huku, na kila alivyoigeuza mshale ulirudi kuelekea mlango wa jiko. "Kana akili haka," alisema. "Kanajua kwenye chakula." Alipofungasha unga, alimsindikiza mgeni wake kama desturi, pole pole, dira bado mkononi, hajashiba kuitazama, mpaka kwenye uzio. Secilia akainama kuchukua panga lake.

"Mbona kamekimbia?" bibi akauliza.

"Nini, bibi?"

"Kamshale. Kalikuwa kanatazama jikoni. Umeshika panga, kamekutazama wewe."

Secilia alibaki ameinama. Kisha alilirudisha panga kwenye masale, akarudi nyuma, na mshale ukarudi jikoni. Akalichukua, mshale ukamfuata. Alilifunga kiunoni, akaomba dira, akaishika mbele ya kitovu vile vile kama siku zote, na hapo akauona mshale umelala upande, umetulia kabisa, bila aibu, unamwonyesha njia ya shamba la kabichi. Akakaa chini kwenye majani mabichi akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na Bibi Klara akamshika bega akimwuliza kama ni tumbo.

Alikwenda moja kwa moja hadi kituoni. Tobia na Omari walikuwapo wanafunga mizigo. Alipowaeleza, Bwana Miti aliweka mikono kichwani.

"Lakini nilisema chuma kikae mbali," alisema. "Nilisema siku ya kwanza."

"Ulisema, Bwana Miti," Omari akajibu. "Mimi nilivua mkanda."

"Na panga je?"

Watatu wakatazamana. Tobia ndiye aliyejibu, kwa unyofu kabisa: "Panga si chuma, Bwana Miti. Panga ni panga."

Bwana Miti akatazama kiunoni mwake mwenyewe, maana na yeye alikuwa ametoka kukagua miche na panga lake limening'inia pale pale. Akaanza kucheka. Alisema kule mafunzoni hakuna aliyekuwa na panga, walikuwa na kalamu, basi hakuwahi kufikiri. Wakacheka wote mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Kicheko kilipokwisha, Secilia akabaki na lake. Furaha ilikuwa imemjia mbio, na nyuma yake ikaja hofu ikitembea. Kushika dira maana yake ni kuingia msituni bila panga la baba. Si kuliweka nyuma ya mgongo, si kulifunga kwenye mzigo. Kulitoa kabisa, likae kwa mtu anayefuata kwa mbali. Usiku ule alimwambia mama yake, na mama kwa mara ya kwanza hakuchokoza. Alisema tu, "Baba yako hakukuona kwa sababu ya panga. Panga lilikuwa la kurudia. Alikuona kwa sababu hakugeuka geuka." Kisha akamwambia ale, chakula kinapoa.

Jumamosi kuliamka ukungu. Si ule mwepesi wa asubuhi. Ni ule wa Juni, unaokaa kwenye miti kama mgeni aliyeleta mzigo wake. Bwana Miti aliuliza kama waahirishe. Secilia akasema hapana, hata kwenye mashindano hawatachagua hali ya hewa. Bwana Miti akatangulia Kwembeho kwa njia ya kuzunguka. Secilia akafungua panga kiunoni akampa Tobia.

"Nitalitunza kama yai," Tobia akasema, na safari hii hakuwa anatania. Alisubiri Omari atangulie, naye akafuata nyuma kabisa, mbali, mapanga yote matatu yakiwa kwake.

Secilia akaingia. Kiuno kilikuwa chepesi mno, mkono wa kushoto ukawa unakwenda wenyewe kutafuta mpini na kukuta kitenge. Aliogopa. Aliogopa kama alivyoogopa darasa la pili, ile hofu yenyewe, wala haikuwa imezeeka hata kidogo. Alituliza dira, akachagua mti, akauendea. Akachagua mwingine. Ukungu ulikuwa unameza miti, basi alichagua ya karibu karibu, na kila alipoufikia mmoja aliugusa gome kwa kiganja kabla ya kuuacha. Katikati ya msitu walifika mahali ardhi inaposhuka, na mwili wake wote ukataka kushuka. Miguu ilikuwa na hakika kwamba Kwembeho ni huko chini kushoto. Mshale ulisema ni mbele, kupanda, kwenye vichaka vinene. Hapo ndipo alipopotea utotoni, si mahali pale hasa, lakini kwa namna ile: moyo ulisema huku, akaufuata. Alisimama kwa muda. Omari nyuma yake hakumwuliza kitu, na kwa hilo mimi humheshimu Omari hadi leo.

Akapanda. Vichaka vikamchana mikono, maana hakuwa na cha kukatia, akavisukuma kwa mabega. Miti ikapungua, majani yakawa mafupi, na mbele yake akaona kitu cheusi, kisha sehemu yake nyingine, kisha mtu amekaa juu yake amejifunika koti anapuliza mikono. Ulikuwa mwamba wa Kwembeho, na mtu yule alikuwa Bwana Miti.

"Karibuni," Bwana Miti akasema. Alipomwona Secilia usoni akasogea kumpisha nafasi ya kukaa. Dira haikurudi mkononi mwa Bwana Miti, wala yeye hakuiomba. Tobia alipofika alilifungua panga akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

Ndipo ikasikika sauti kutoka bondeni. Siku yenye mwanga, kutoka Kwembeho unaliona paa la Jenoveva na shamba lake la njegere chini yake. Siku ile hapakuwa na paa wala shamba, palikuwa na weupe mtupu. Sauti ya kizee, nyembamba, ilipanda humo: "Secilia. Uko wapi?"

Ukungu ukafanya kazi yake, ukaitawanya sauti, ikawa kama inatoka huku na kule, vile vile kama zamani. Omari akageuka kushoto, Tobia kulia. Secilia hakugeuka. Aliliacha panga kwenye majani, akasogea mbali na mapanga yote, akatazama dira, akatazama ramani aliyoijua sasa kama kiganja chake, akageuza uso kuelekea mahali pasipoonekana kitu, mahali penyewe hasa lilipo shamba la njegere. Akaweka mikono mdomoni.

"Niko Kwembeho, mama," akaita. "Kaa hapo hapo. Nakuja."